Saa ya Jabalini na Ufunguo Uliobaki Nairobi

Feisal wa Bi Twaiba alikuwa mtu wa haki. Hakuna aliyemwona akitega dema la samaki wala akikwea mnazi, lakini penye mjadala wa haki alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na mara nyingi wenzake walikuwa wamekwisha kujiendea zao yeye akingali anauhoji ukuta. Alisoma kompyuta Mombasa akahitimu, akapata kazi katika hoteli moja ya Diani, kuzitunza kadi zinazofungua milango ya wageni. Aliiacha baada ya kushindana na meneja juu ya jambo ambalo, kwa maelezo yake, meneja hajalielewa hadi leo. Akarudi kwao Jabalini, nyumba chache zilizokaa juu ya miamba ya kisiwa, kati ya vijiji vya Wasini na Mkwiro, zisizoonekana katika ramani yoyote. Huko akaishi na mamake, akila kwa vibarua vya mtandaoni na, vibarua vinapokawia, kwa pweza wa mamake.

Jabalini ina msikiti mmoja na kanuni moja. Kanuni ilizaliwa mwaka wa Idi mbili, pale nusu ya watu walipoamini mwezi ulioonekana ng'ambo na nusu wakangoja kuuona wenyewe, hata ikawa ndugu anampelekea nduguye sinia la pilau na nduguye amefunga. Baada ya aibu ile waliapa mbele ya Maalim Boga, imamu wao, kwamba hapana tena mtu kufuata redio, kalenda wala simu yake. Msikiti ukiadhini, ndiyo. Usipoadhini, bado. Kijiji kizima kitakosea pamoja au kitapatia pamoja, lakini hakitagawanyika.

Sauti ya msikiti ilikuwa ya Swabir, muadhini mwenye koo tamu na usingizi mtamu zaidi. Alfajiri nyingine jua lilimkuta angali kitandani, na watu walioapa kuungoja msikiti wakawa wanaungoja wakiwa wamekwisha kuswali kimoyomoyo. Ndipo Suleiman, mzaliwa wa kijiji aliyetajirika kwa kuuzia hoteli za Diani mboga na sabuni, alipoleta dawa. Aliiweka wakfu saa ya kuadhini, yaani aliitoa kwa ajili ya Mungu, isiuzwe, isirithiwe, isirudishwe. Ilikuwa kioo kipana chenye tarakimu nyekundu. Wakati wa swala ukiwadia, yenyewe huwasha kipaza sauti na kuadhini kwa sauti ya msomaji wa mbali ambaye hana usingizi. Haiwekwi saa kwa mkono. Hujirekebisha yenyewe kwa mtandao wa simu, na hilo lilisifiwa kuliko yote.

Siku ya kuizindua rasmi, siku chache baada ya kutundikwa, Feisal ndiye aliyeombwa aieleze. Akaeleza mpaka wali ukapoa. Mzee mmoja akauliza mbona saa ile inachelewa kidogo kuliko kalenda ya swala iliyotundikwa nyumbani kwake.

"Kalenda yako, baba, imechapishwa na muuza vitambaa," Feisal akasema. "Hii inahesabu jua lenyewe."

"Na mbona jana magharibi jua lilikuwa limeshazama, nayo kimya?"

"Macho hudanganyika. Mwangaza hupinda angani. Ni fizikia."

Mzee akaurudia wali wake uliopoa. Si rahisi kubishana na mtu anayeweza kukwambia kwamba jua uliloliona likizama halijazama.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikinukia. Kwa kuwa Feisal hakuweza kukaa na chombo bila kukifungua, na kwa kuwa kampuni ya Nairobi iliyotengeneza saa ilitangaza kwamba programu yake ni huria, yaani leseni ya aliyeiandika mwanzo inamruhusu mtu yeyote kuisoma na kuibadilisha, aliipakua programu ile akaisoma yote. Huko ndani alikuta orodha ya miji. Kenya ilikuwa na mji mmoja. Saa ya Jabalini ilikuwa ikiadhini kwa jua la Nairobi.

Jua huchomoza pwani kabla ya kufika bara, na huzama pwani kabla ya bara. Tofauti ni dakika kumi na kidogo. Magharibi, kosa hilo ni njaa ya bure tu. Alfajiri ni jambo jingine. Anayekula daku mpaka asikie adhana ya saa ile atakuwa amekula alfajiri imekwisha kuingia, na saumu yake ni kushinda na njaa.

Mtu mwingine angekwenda kwa Maalim Boga akasema, nilikosea, ichomoeni. Lakini Feisal alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba ni fizikia. Akaona afadhali airekebishe kwanza, kisha atangaze ukarabati badala ya kosa. Aliongeza Jabalini katika orodha, pamoja na mahali pake chini ya jua, akaiingiza programu mpya katika saa. Saa ikazimika, ikawaka, ikaandika: saini haitambuliki. Kisha ikarudia jua lake la Nairobi.

Alimpigia simu Musau, wakala aliyemuuzia Suleiman saa ile, mwenye duka la vyombo vya umeme pale Ukunda.

"Boss, hiyo mashine iko poa," Musau akamwambia. "Ni ya kuset na kuacha."

"Inafuata jua la Nairobi, bwana Musau."

"Si ni Kenya hii moja? Jua ni moja, boss."

"Jua ni moja, lakini halichwi kwa wakati mmoja. Nataka kubadilisha programu. Leseni inaniruhusu."

"Badilisha basi, nani amekushika?"

"Saa imenikataa. Inataka saini ya kampuni, na saini haitoki bila ufunguo wa siri. Nipatie ufunguo."

Musau akajibu kama mtu anayepapasa mifuko. "Ufunguo wa nini sasa? Si imewekwa ukutani na misumari?"

Ufunguo ule haukuwa wa chuma. Ulikuwa mlolongo wa tarakimu ambao kampuni iliufungia kwake, na saa zake zote zilifundishwa kukataa programu yoyote isiyotiwa saini kwa tarakimu hizo. Feisal akaiandikia kampuni. Kampuni ikajibu kwa adabu nyingi. Leseni, walisema, inatulazimisha tukupe programu, nasi tumekupa. Unaruhusiwa kuibadilisha, nasi hatujakuzuia. Hakuna palipoandikwa kwamba saa yetu ni lazima iikubali.

Hapo ndipo Feisal alipopata kazi ya maisha yake.

Kuna jukwaa moja mtandaoni ambako watu wa programu huria hukutana wakagombana, wengi wao wakiwa katika nchi za baridi ambako jioni ni ndefu. Feisal aliweka mashitaka yake pale. Kufikia asubuhi alikuwa amepata jeshi. Mmoja alisema kupewa programu bila ufunguo ni kupewa kitabu cha mapishi na jiko likafungwa. Mwingine akasema leseni ya zamani, ambayo ndiyo ya saa ile, inataka mtu apewe programu pamoja na yote yanayosimamia uwekaji wake, na ufunguo ni katika hayo yote. Wa tatu, mwanasheria wa Kanada, akajibu kwamba ufunguo si programu, ni siri, na kwamba leseni mpya iliandikwa makusudi kwa sababu ya zamani haikuusema. Wa nne alisema wote watatu hawajui kusoma. Waliupanga mgogoro wakaupa jina: Kesi ya Jabalini. Feisal alilitazama jina hilo kwenye simu yake akiwa kibarazani, na kuku wa mamake wanapita baina ya miguu yake, akahisi kwamba hatimaye kijiji kimeingia katika ramani.

Akaleta jambo lile mbele ya kamati ya msikiti pia. Lakini huko hakusema habari ya dakika kumi. Alisema habari ya haki tu.

"Saa hii si yetu kamili," akawaambia. "Tumepewa bila ufunguo."

Maalim Boga, aliyependa mambo yaletwe kwa mizani anayoijua, akauliza, "Si imewekwa wakfu?"

"Saa ni wakfu, Maalim. Na programu nayo ni kama wakfu. Aliyeiandika mwanzo aliitoa kwa watu wote, akaweka masharti."

"Basi jambo jepesi. Sharti la mwenye wakfu hufuatwa lilivyo. Alisema ufunguo utolewe?"

"Hilo ndilo tunalobishania."

Kamati ikachangamka. Jabalini haina kisima; kisiwa kizima hunywa maji ya mvua, na birika linaloyahifadhi, pale ubavuni mwa msikiti, ni wakfu wa bibi mmoja wa zamani. Kila mtu alikuwa na maoni juu ya birika.

"Bibi yule alitoa birika," akasema mmoja. "Ndoo kila mtu huja na yake."

"Na kama angejenga birika lenye mdomo mwembamba, usiopitisha ndoo ila ya kwake?"

"Hapo angekuwa amewawekea watu wakfu kiu."

"Astaghfirullahi, msimseme marehemu," akasema Maalim.

Suleiman, aliyekuwa amekuja kuona wakfu wake unavyoheshimiwa, alikohoa. "Mimi naiona hekima ya kampuni. Ukimpa kila mtu ufunguo, ipo siku kijana mtukutu ataingia humo, na alfajiri tutaamshwa kwa taarabu."

"Taarabu angalau ingekuwa na mwimbaji aliye macho," akasema mwingine, akimtupia jicho Swabir.

"Mimi koo langu halina ufunguo," Swabir akajibu. "Mliniachisha wenyewe."

Walibishana hadi adhuhuri ikaingia, au ilivyosema saa kwamba imeingia. Walitoka wameridhika, kwa kuwa ulikuwa mjadala mzuri na hakuna aliyeshindwa. Feisal aliandika muhtasari wake jukwaani, na mfano wa birika ukazunguka dunia. Mwanasheria wa Kanada aliusifu, akasema hata hivyo unaunga mkono upande wake.

Ramadhani ikaandama.

Angeweza bado kusema. Usiku wa kwanza wa tarawehe alisimama safu ya pili, karibu ya kutosha kumshika Maalim kanzu. Lakini sasa palikuwa na jambo jingine zaidi ya aibu. Saa ikichomolewa, madhara yatakoma. Na madhara yakikoma, kesi itakuwa ya nini? Jukwaani alikuwa amekwisha kueleza, kwa Kiingereza safi, kwamba jamii nzima ya Waislamu inanyimwa saumu sahihi kwa sababu ya ufunguo mmoja. Watu waliguswa sana. Mjerumani mmoja aliandika kwamba hakulala. Kanada yote na Ujerumani zilijua habari za saumu za Jabalini; Jabalini peke yake ndiyo iliyokuwa haijui.

Na kila daku Bi Twaiba alikaa mkekani na mwanawe. Alikuwa mwanamke mkavu, aliyepasuka nyayo kwa miamba ya kutafutia pweza. Alikuwa na sukari. Daktari alikwisha kumwambia aache kufunga, naye akamwambia daktari kwamba Ramadhani hii ataifunga, kwa kuwa hajui kama ataiona nyingine. Alikula kidogo kidogo, akiacha kikombe cha mwisho cha chai kwa dakika ya mwisho, ili aipeleke mbali siku. Adhana ikilia ndipo anapokiweka chini.

Feisal alikuwa akiacha kula mapema. Simu yake ilimwonyesha wakati wa kweli, na mtu wa haki huanza na nafsi yake.

Walipofika kiasi cha siku kumi, Bi Twaiba akaanza kutetemeka mchana. Siku moja alirudi kutoka mwambani mikono mitupu, akakaa kizingitini. Daku iliyofuata, Feisal alikiangalia kile kikombe mkononi mwake, kikipanda na kushuka, huku alfajiri imekwisha kuingia.

"Mama, kesho chai yako uimalize mapema kidogo."

"Mapema kwa nini, na adhana haijalia?"

"Umalize tu."

"Feisal. Mimi ndiye niliyekuzaa. Ukisema 'tu', kuna jambo."

Akamweleza. Alianza na leseni, akafika kwenye saini, akapita kwa mwanasheria wa Kanada. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mchuuzi wa samaki anayezunguka bei.

"Kwa hivyo saa inakosea."

"Ndiyo."

"Na mimi siku zote hizi nimeshinda na njaa, sina saumu."

"Asiyejua hana dhambi, Mama. Siku zenyewe ndizo utakazolipa, baada ya Idi."

"Mimi sikujua. Wewe ulijua lini?"

Feisal akavivuta vyombo vya daku, akaanza kuvipanga.

"Nimekuona ukiacha kula mapema," akasema mama. "Kila siku, kabla yangu. Nikasema, mwanangu amekuwa mchamungu. Nikakuombea dua."

"Mama, jambo lenyewe ni kubwa kuliko Jabalini. Tukishinda, hakuna kampuni itakayoweza tena..."

"Na wenzangu?" Bi Twaiba akauliza.

Hakungoja jibu. Jua lilipopanda alijitanda leso, akatoka, akapita nyumba moja baada ya nyingine. Alikuwa na nguvu kidogo siku ile, nazo zote alizitumia kwa kazi hiyo. Hakumtetea mwanawe wala hakumsengenya. Alisema yaliyokuwa, na kwamba siku zote walizofunga ziko shingoni mwao, za kulipwa.

Jioni ile wanawake wa Jabalini walilitazama jua. Lilipozama wakafuturu, wao na watoto wao. Wanaume msikitini, wenye kiapo chao, walikaa na tende mikononi wakizitazama tarakimu nyekundu, na harufu ya mihogo ya nazi ikiwafikia dirishani. Mlio wa saa ulipotoka, hakuna aliyekula kwa utamu. Walikwisha kuambiwa kwamba hata kungoja kwao hakukuwa ibada.

Maalim Boga alimwita Feisal papo hapo, mbele ya wote.

"Ulijua?"

"Nilijua, Maalim. Lakini ningesema, mngeichomoa."

"Ndiyo. Tungeichomoa."

"Na kampuni ingesema hakuna aliyedhurika. Nilinyamaza kwa ajili ya haki kubwa zaidi."

"Ipi hiyo," Maalim akauliza taratibu, "isiyoweza kukaa nyumba moja na saumu ya mamako?"

Suleiman alijitolea kuondoa saa yake, kwa uso wa mtu aliyekuta jina lake kwenye mzoga. Maalim akakataa; wakfu ni wakfu, utabaki ukutani. Alichoagiza ni kukata waya mmoja, ule unaokwenda kwenye kipaza sauti. Swabir akaukata kwa kisu cha kupasulia tende, kisha akaazimwa simu ya kumwamsha, na ya pili ya kuiamsha ya kwanza. Kazi yote haikuchukua muda wa kunywa maji. Feisal aliutazama ule waya ukining'inia, akawaza la kwanza lililomjia, nalo lilikuwa kwamba jambo hili lisifike jukwaani.

Lilifika. Sijui nani alilifikisha. Kisiwa kina vijana wengi wenye simu. Mwanasheria wa Kanada akaandika aya tatu. Kesi ya Jabalini, alisema, imetatuliwa kwa kisu. Imethibitika kwamba mnunuzi hakuhitaji ufunguo wowote. Kuanzia siku hiyo kila aliyetaka kuutetea ufunguo wa siri aliitaja Jabalini. Feisal aliandika usiku na mchana kujitoa katika mfano wake mwenyewe, na kila alivyoandika ndivyo mfano ulivyozidi kujulikana.

Baada ya Idi kampuni ilituma programu mpya iliyotiwa saini, yenye miji ya pwani ndani yake. Musau alileta habari hiyo kwa simu kwa furaha ya mtu aliyefunga bao. "Si nilikuambia, boss? Wamekuwekea hadi Kwale. Weka tu." Feisal akakataa kuiweka. Hilo, alisema, si haki. Hiyo ni sadaka. Ufunguo wangali nao. Musau akamwuliza sasa saa inakosea au haikosei, na Feisal akamwambia kwamba hilo si swali.

Na katika hili, wallahi, hakuwa mjinga. Ufunguo kweli wangali nao. Kesho wakitaka kuirudisha saa Nairobi, hakuna mtu Jabalini atakayeweza kuwazuia. Ila kweli hiyo hakuna aliyebaki wa kuisikiliza, kwa kuwa aliyeibeba alikuwa ameibeba juu ya migongo ya wanawake waliofunga.

Wanawake ndio waliomhukumu. Maalim alikuwa amesamehe, na wanaume walikuwa na aibu ya kwao. Wanawake walikubaliana kuzilipa siku zile pamoja, mwezi wa Shawwali, na kwamba kila siku watakayolipa, futari yao itapikwa na Feisal, nyumbani kwa Bi Twaiba, uani, mbele ya macho yao. Hakupewa nafasi ya kukata rufaa. Aliketi juu ya mbuzi, akakuna nazi vibaya, akijikata vidole, na wao wakiwa wameketi vivulini wakimwelekeza.

"Unakuna mpaka kifuu, mwanangu. Tui litakuwa la kahawia."

"Huyo anakuna kwa fizikia."

Bi Twaiba alikuwa kati yao, amejiegemeza ukutani, midomo mikavu. Walimsihi aziache siku zake, atoe fidia, dini imemruhusu mgonjwa. Akasema atakaposhindwa atasema ameshindwa. Siku ile alikuwa bado hajashindwa.

Simu ya Feisal ikalia kando ya kifuu, ikalia tena. Akainama kuisoma, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya chujio, tui likimvuja viganjani na kudondoka mchangani.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, "unajua wamesema nini tena? Wamesema kwamba..."

"Wamefunga?"

"Nani?"

"Hao."

"Hapana."

"Basi wangoje," akasema Bi Twaiba. "Kamua hilo tui. Jua linazama."